Maziwa Yaliyorudi Nilipocheka

Butembo, Vulamba, tarehe 9 Septemba 2024

Mama Berthe wa redio,

Naomba msaada wako, na usinifikirie vibaya. Mume wangu Shafii, dereva wa lori la viazi, alifariki kwa malaria siku ishirini zilizopita, nami nimekaa eda nyumbani kwa mama yake pamoja na mtoto wetu Nassoro wa miezi miwili, na tangu siku ya mazishi maziwa yangu yakakatika, mtoto anavuta, hakuna kitu, analia, nami nalia, mpaka mama mkwe akaniambia, "Hapana kumunyonyesha tena, ile ni maziwa ya machozi, itamuua," akamnunulia biberoni, chupa ya kunyonyeshea, nami nikaacha kumnyonyesha kwa sababu nilimwamini.

Siku ya Jumapili, Kavuo, jirani yangu wa utotoni, alikuja kunipa pole, akanikumbusha siku Shafii alipokuja kujitambulisha kwetu, jinsi alivyokosea mlango akaingia kwa baba yake Kavuo, akavua viatu alivyokuwa amevipaka rangi asubuhi ile, akagawa chumvi na sabuni alizoleta kwa ajili ya wazazi wangu, akanywa chai mpaka ikaisha, ndipo akauliza kwa adabu, "Na Hawa iko wapi?" Kavuo akasema, "Mupaka leo baba hajarudisha ile sabuni." Nikacheka, Mama Berthe, nikacheka kweli, na papo hapo matiti yakanichoma kama sindano, maziwa yakatoka yenyewe yakalowesha gauni, nikamchukua mtoto akanyonya mpaka akalala mdomo wazi, nami nikawa kama mtu aliyetua mzigo.

Lakini wifi yangu Faida aliona. "Kumbe maziwa ilikuwa inangojea kicheko. Ulimusahau kaka yangu mbio hivi?" Sasa mama mkwe anataka kumpeleka mtoto kwa ndugu zake Kirumba siku ya Ijumaa, akalelewe huko kwa biberoni. Je, mwili wangu umemsaliti Shafii? Nimwachie mtoto?

Hawa

Jibu la Mama Berthe

Hawa, pole sana, na mtoto haendi Kirumba.

Maziwa yako hayakuharibika. Kuna homoni mbili: prolaktini hutengeneza maziwa kila mtoto anaponyonya, na oksitosini huyasukuma nje. Huzuni na hofu huizuia hii ya pili kwa muda. Utulivu, harufu ya mtoto, hata kicheko, huifungulia. Na wewe ulicheka kwa sababu ulimkumbuka mume wako. Mwambie Faida hivyo, kwa upole.

Nakugombeza kwa jambo moja: uliacha kunyonyesha karibu wiki tatu bila kuuliza kwa muuguzi. Titi lisiponyonywa, prolaktini hushuka, na maziwa hupungua nayo. Mlaze Nassoro kifuani, ngozi kwa ngozi, mnyonyeshe kila anapotaka, mchana na usiku, titi hili na lile. Biberoni usiikate ghafla. Muuguzi ampime uzito, akuonyeshe namna ya kuipunguza. Baadaye ni maziwa yako peke yake mpaka miezi sita, bila maji wala uji. Hayo ndiyo yanayomkinga na kuhara na homa ya mapafu, na kunyonyesha kutakutuliza wewe pia.

Mama mkwe wako amezika mtoto, anaogopa kuzika na mjukuu. Usibishane naye. Eda haikukatazi kwenda kutafuta matibabu, kwa hiyo kesho asubuhi nendeni wote wawili kituo cha afya. Yeye ndiye amweke mtoto kwenye mizani, na maneno haya ayasikie kwa muuguzi mwenyewe.

Nassoro akishiba, nikumbuke katika dua.