Niliona Mpira Umeshamtoka

Jumamosi. Alasiri imepita na joto bado limetukalia. Nimenawa mara tatu kwa sabuni na kiganja bado kinanuka damu. Si yangu.

Kila mtu hapa mtaani Mtanda anajua mdomo wangu mzito. Katika daftari hili tu ndimo ninamoweza kusema.

Shuleni tunacheza raga, wasichana, ufukweni maji yakitoka. Wiki nzima nimekuwa nikisoma kwa Kiingereza habari za timu ya taifa ya Jojia, ile nchi ndogo ya milimani huko Ulaya. Kabla ya raga walikuwa na mchezo wao wa kijijini: nusu ya kijiji dhidi ya nusu nyingine, mpira mzito wa ngozi, watu wanakanyagana mpaka ufike kijitoni, na washindi wanakwenda kuuweka juu ya kaburi la mtu wao. Ukorofi ule ndio wakautia kanuni. Wakawa mabingwa wa skramu, pale timu mbili zinapofungana mabega na kusukumana. Vijana wao wakaenda Ufaransa kukomazwa. Leo hata wakubwa waliowapuuza wameshaonja kipigo chao.

Asubuhi, kabla ya mazoezi, Mwalimu akaniambia niwasimulie wenzangu. Nikasimama, nikasimulia yote bila kutazama vidole vya miguu. Sijawahi.

"Jamani, bubu wa shangazi kapata sauti," Zuhura akasema. "Tumtafutie mume hukohuko Jojia, huku nani atamsikia?"

Wakavunjika mbavu. Mwalimu naye.

Zuhura ni mtoto wa mjomba, kwa hiyo ni mtani wangu. Anaweza kunisema hata msibani, nami naweza kumrudishia. Kununa ndiko kusikoruhusiwa. Mtani hanuniwi.

Safari hii jibu langu likashukia mabegani.

Tulipoanza kucheza, Zuhura alikuja na mpira, akampasia mwenzake. Nilimwona akiutoa, na kwenye raga asiye na mpira hakabwi. Nilikuwa na nafasi ya kusimama.

Nikaongeza mbio.

Bega langu lilimpata chini ya shingo. Nikasikia mfupa ukilia ko, kama kopa kavu la muhogo linapovunjwa. Akaanguka kifudifudi, akajiuma ulimi, damu ikamjaa mdomoni. Nikiwa juu yake nikamkandamiza uso mchangani kwa kiganja. Mara moja, kwa nguvu. Hakuna aliyeona.

Na nilifurahi. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo ilivyokuwa.

Mwalimu alisema ndiyo raga hiyo. Hospitali wakasema mtulinga umevunjika.

Adhuhuri mama akanichukua twende Rasbura kwa mjomba kumpa pole. Nikamwamkia mjomba, shikamoo, akaitika marahaba na kunishika kichwa. "Usilie, mwanangu. Ajali haina kinga."

Zuhura alikuwa amekaa mkekani, mkono umefungwa kwa kanga shingoni, mdomo umevimba. Hajamwambia mtu habari ya kiganja changu. Nikasubiri aniite bubu. Nikasubiri aniulize mume wangu yuko wapi. Chochote.

"Karibu, dada," akasema taratibu. "Ahsante kwa kuja."

Dada. Tangu tuzaliwe hajawahi kuniita hivyo. Afadhali angenitemea ile damu.

Kesho asubuhi nitarudi Rasbura, peke yangu. Nitamwambia mjomba, Zuhura akisikia, kwamba niliona mpira umeshamtoka, na kwamba mkono uliomkandamiza haukuteleza. Nimeyarudia maneno hayo chumbani mpaka yamenyooka.

Mjomba akinipiga, sawa. Lakini Zuhura akinisamehe kwa adabu ileile, nitafanya nini?