Mtaje Babu Yako Hekaluni

Mpendwa Nafula,

Habari za Japani? Hapa Bungoma mahindi yamebeba vizuri, na mjomba wako amepata kazi Kitale. Tangu tumzike babu yako nyumba iko kimya, lakini usingizi umenirudia.

Uliuliza kama ni vibaya Mkristo kwenda kumkumbuka babu katika lile hekalu la Wabudha, ambako watu hufurika kuona maua ya msimu wa mvua, kwa kuwa hukufika mazishini.

Nilipokuwa msichana, tulimzika mama yangu. Rafiki yake, mke wa Mhindi mwenye duka kule Kitale, alikuja. Alivua viatu akasimama kando ya kaburi, matopeni. Shangazi akasema, "Ati huyu anaomba mungu gani?"

Baba akamjibu, "Si umwache, dada. Wewe hata hujalia."

Mimi niliitazama ile miguu yenye matope, moyo ukatulia kidogo.

Basi nenda Jumapili hii, kabla maua hayajanyauka. Fuata wanavyofanya wenyeji, kisha umtaje babu kwa Kibukusu, kwa sauti. Mchungaji wetu akiuliza, nitamjibu mimi.

Nyanya yako akupendaye,
Rosa