Soma Kuanzia Picha ya Kwanza

Kwako dada Aguti, mwenye mikono inayosema,

Nakuandikia nikiwa nimeketi pale ulipokaa siku ile, chini ya ukuta tulioutundikia shuka la buluu. Matundu ya misumari bado yapo. Mama hataki yazibwe.

Unakumbuka ulivyonifundisha kupiga picha? Ilikuwa likizo ya mwisho kabla hujaenda Nakuru kusomea ushonaji. Mimi nilitaka nikurekodi video moja ndefu, tumalize, nikacheze. Ulikataa. Ulinishika mkono ukaniandikia kwa kidole kwenye kiganja, kama unavyofanya nikiwa mbishi: "Polepole." Kisha ukanieleza kwa ishara kwamba watu wanaosikia wanakutazama usoni, mkono ukapita, wakabaki wanatabasamu bila kuelewa kitu. Ulitaka mkono usimame, nipige. Usogee upana wa kidole, usimame, nipige tena. Ulichora mstari wa chaki sakafuni ili nisihame mahali pangu, na kila nilipouvuka ulinirudisha kwa macho tu.

Nzi alitua kwenye kidole chako gumba, nawe hukutikisika. Mimi ndiye niliyecheka hadi simu niliyopigia picha ikatikisika, tukalazimika kuianza ishara ile upya. Hukununa. Nimefundishwa na walimu wazuri, dada, lakini sijaona mvumilivu kama wewe.

Na ulivyokuwa mcheshi! Kila mtu hapa Moding ulimpa jina lake la mkono. Mama ni kiganja kinachosawazisha omena, dagaa anaouza, juu ya gorogoro, ule mkebe wake wa kupimia. Mchungaji ni kitambaa kinachopangusa jasho. Mimi ni kalamu inayotafunwa. Nilikasirika, halafu nikajitazama mkononi, na kalamu ilikuwa imetafunwa kweli.

Lakini siku ya kuondoka, pale kituo cha basi cha Malaba, nilikuona ukimtazama mama kwa muda mrefu. Mama alikuwa ameficha mikono yake ndani ya aproni. Alisema mengi kwa mdomo, akikuombea safari njema, na hukupata hata neno. Mimi nikawa mkalimani wenu, nikitafsiri huku nalia, na sidhani nilitafsiri vizuri.

Ndiyo maana ujumbe wako wa mwezi uliopita haukunishangaza, ingawa uliniuma. "Desemba nitabaki huku. Nyumbani nakaa kama mgeni. Mnaongea juu ya kichwa changu, halafu wewe unanipa muhtasari." Ulikuwa ukweli.

Jibu nilikwenda kulitafuta kwenye chumba cha kompyuta shuleni. Picha zako zote nilikuwa nazo, kila ishara kwenye folda yake, kila picha na namba yake. Mwalimu wetu alitufundisha kuandika programu inayofungua picha moja baada ya nyingine, kuzipunguza ukubwa, kuziandika upya kwenye folda nyingine, kisha kuziunganisha ziwe filamu fupi. Nikafikiri, hivi ndivyo mama atakavyojifunza. Ataweza kuusimamisha mkono wako akiwa kazini, autazame, auache uendelee.

Nilianza na "chakula". Mkono wako ulipanda, ukaruka, ukashuka, ukaruka tena. Wafula, anayekaa nyuma yangu, akapiga kelele, "Dada yako anakula ama anafukuza kuku?" Darasa zima likacheka. Kumbe programu ilikuwa inapanga majina kama kamusi inavyopanga maneno. Baada ya picha ya 1 ilisoma ya 10, ya 11, ya 12, ndipo ikarudi kwa 2. Mwalimu hakunipa jibu. Aliniuliza tu, "Wewe unajua kumi inakuja baada ya tisa. Nani ameiambia kompyuta?" Nikarekebisha, kila namba iwe na tarakimu mbili: 01, 02, 03. Mkono wako ukatulia, ukaenda mdomoni taratibu kama ulivyoupeleka siku ile. Baadaye hata Wafula aliniomba nimwonyeshe ishara ya "kuku".

Nikaweka "chakula", "maji", "umechoka" na "nenda" kwenye simu ya mama. Kila nilipomuuliza, alijibu, "Nitaangalia," akaisukuma simu chini ya gunia la omena. Nikaanza kukata tamaa. Nilijiambia kwamba wewe ulivumilia nzi kidoleni kwa ajili ya mtu ambaye hatazami.

Jumapili iliyopita nikamletea "njoo". Nilikuwa nimeiandika kwa haraka, ile haraka uliyonikataza. Mama akaitazama mara moja. Akairudia. Uso wake ukabadilika.

"Mbona Aguti ananiambia niende?" akauliza. "Nimemkosea nini?"

Nikachukua simu. Kweli, nilikuwa nimeiagiza programu isome orodha kutoka namba kubwa hadi ndogo. Mkono uliopaswa kuvuta hewa kuja kifuani ulikuwa unatoka kifuani unakwenda mbali. "Njoo" ilikuwa imegeuka "nenda". Ningeona aibu, lakini nilikuwa nimeduwaa.

"Mama, umesoma? Mwenyewe?"

"Sasa ulidhani nakaa na hiyo simu bure?" Akainua mikono, akanifanyia "chakula", "maji", "umechoka", zote, bila kutazama popote. Alikuwa anajifunza kwenye kibanda chake, wateja wakipungua. Akaniambia kuna dereva mmoja wa trela alimtania, "Mama, leo unapima omena ama unapigana na mbu?" Naye akamjibu, "Naongea na msichana wangu. Wewe leta mkebe wako."

Naongea na msichana wangu. Nimekuandikia maneno hayo kama alivyoyasema.

Kesho yake shuleni nilisahihisha ule mstari wa programu, jioni nikamrudishia simu. Akatazama mkono wako ukija kifuani, tena na tena. Kisha akaenda kunawa mikono, akarudi, akasimama mbele ya ukuta. "Lete shuka," akasema. "Sasa nipige mimi."

Nimechora mstari wa chaki. Nimepiga polepole. Mama hana utulivu wako. Kuna picha moja katikati ambapo vidole vyake vimetetemeka na havionekani vizuri. Nilitaka kuitoa na kuzipanga namba upya. Nikaiacha, kwa sababu hapo ndipo alipoanza kulia, nami naona unastahili kuiona.

Dada, kila ninachojua kuhusu kumwelewesha mtu nimekitoa kwako. Kompyuta imenifundisha kwamba mpangilio ukiharibika, ujumbe unaharibika. Wewe ulinifundisha hayo mapema, kwa chaki na kidole kimoja.

Nakutumia filamu yenyewe, na pia folda ya picha, uweze kuusimamisha mkono wa mama popote unapotaka. Ukisharidhika, mjibu yeye, si mimi. Safari hii hakuna mkalimani. Fungua 01 kwanza, usiruke hata moja. Ya mwisho, kiganja cha gorogoro kimetua kifuani, na hapo kinakungoja.

Mdogo wako akupendaye,
Yule wa Kalamu