Mafuta Yaliyogoma Kupanda

Mpendwa yaya,

Leo fundi mmoja hapa mtaani Hewa Bora amefungua injini mbele ya nyumba yangu, nami nimeshindwa kutulia. Nakaa, nasimama, natoka nje, narudi. Wajukuu wananiuliza natafuta nini. Nimeona heri nikuandikie wewe, yaya, kaka yangu mkubwa wa pekee.

Unakumbuka asubuhi tuliyoondoka Elisabethville, kama mji huu ulivyoitwa Katanga ilipojitenga? Sisi watu wa Kasai tulikuwa tunafukuzwa, nyumba za jirani zilikwisha kuchomwa. Mimi nilikuwa na mimba kubwa, na mume wangu aliningoja Sakania, mpakani, kwenye kazi yake ya reli. Mama alikataa kumwacha shangazi mgonjwa. Ukamwahidi kwamba ukishanifikisha utarudi kumchukua, ukanipandisha kwenye kigari chako kikuukuu cha kubebea makaa.

Katikati ya pori injini ikaanza kugonga kwa juu kama cherehani. Ukasimama. Nilikusihi tuendelee, kwa kuwa askari walikuwa wametapakaa barabara nzima. Ukajibu taratibu, ukiinyoshea injini kidole, "Motere haiogopake, mudogo. Ikikosa mafuta, inakufa."

Ukafungua kifuniko cha juu, na ili nisitazame barabara, ukanieleza. Mafuta hukaa chini, kwenye bakuli la injini. Pampu huyavuta na kuyasukuma kwenye chujio, kisha kwenye mfereji uliotobolewa ndani ya chuma. Hapo hugawanyika: mengine huenda kwenye mhimili mkubwa unaozungushwa na pistoni, mengine kwenye mhimili mdogo unaoinua vijiti virefu, na mengine hupanda hadi kichwani mwa injini, ambako vijiti husukuma vyuma vinavyofungua vali. Yakishavilowesha, huteremka yenyewe kando ya vijiti, yakarudi bakulini. Kwetu, ulisema, chini kulikuwa kuzima. Tundu la kupandia ndilo lililoziba. Ukalichokonoa kwa waya, halikuzibuka. Basi ukachukua kopo ukayamimina kwa mkono, yapite njia ya kushuka tu.

Ulikuwa bado umeinama askari alipotokea na bunduki. Akaniangalia tumbo, akatuuliza asili yetu, "Muko bantu ya wapi?"

Wewe hukuinua hata kichwa. "Tuko bantu ya hii motere," ulisema. "Panda, ukanyage kidogo, nione kama mafuta inatoka."

Na akapanda, yaya! Akakanyaga, nawe ukamwita aje aone vyuma vikiruka vimelowa. Alitazama muda mrefu, akauliza kwa nini mafuta hayamwagiki nje, ukamweleza kama ulivyonieleza mimi. Hakuuliza tena kabila letu, akatuacha tuende. Tulisimama mara nyingi baada ya hapo, ukimimina, mimi nikishika kifuniko cha moto kwa kitenge, mpaka tukaiona Sakania jua likiwa bado juu.

Mume wangu alikuomba ulale, au urudi kwa treni. Hukunywa hata chai. Uliomba mafuta mengine ya injini, ukasema, "Mama iko ananingojea." Nilisikia kule kugonga kwa injini kukififia barabarani hadi sikusikia kitu.

Nikajifungua msichana. Kila gari lililonguruma lilinitoa kitandani. Shangazi alipofariki, watu wa misheni walimpandisha mama kwenye treni. Nilimkimbilia stesheni na mtoto mgongoni. Alishuka peke yake, akatazama nyuma yangu, huku na huku, kisha akauliza, "Na kaka yako? Umemuacha nyumbani?"

Hukufika kwake. Vita vilipokwisha nilirudi kwa barabara ile ile, nikiuliza kijiji kwa kijiji. Hakuna aliyekuona, wala gari halikuonekana. Mama alikufa bila kukukalia matanga. Alisema hawezi kumzika mtu aliye njiani. Mimi sasa ni mzee kuliko ulivyokuwa siku ile, na bado sijui nikuombee kama marehemu au nikupikie.

Jioni hii nimepika. Popote ulipo, yaya, pumzika, maana mimi sijaweza.

Mdogo wako