Pampu ya Kupandia Mwinuko

Kisoko, Tororo
8 Machi 1964

Mkwe wangu mpendwa Chrispinus,

Amani ya Bwana iwe nyumbani mwako. Natumaini wewe na binti yangu Akello mu wazima huko Busia. Mimi sijambo, ila magoti. Uniwie radhi kwa kukusumbua katikati ya kazi za gereji.

Gari uliloliwekea injini kubwa lingali linazima kwenye mwinuko wa kuingia Tororo. Kwenye tambarare halina neno. Majirani huniletea wagonjwa wao, nami naogopa kuwapakia. Je, yafaa pampu ya petroli ya ukubwa gani?

Tangu tumzike mama yenu hamjakanyaga hapa. Sikulaumu, nimewakumbuka tu.

Baba mkwe wako,
Zakaria Ofwono

Busia
2 Mei 1964

Mzee wangu mheshimiwa,

Pokea salamu za heshima. Sisi wazima, na Akello ni mjamzito. Samahani kwa kukawia.

Nimempa Odwori, dereva wa lori la pamba, pampu kubwa kuliko zote nilizopata. Hiyo haitashindwa na mwinuko wowote. Fundi wa huko ataifunga. Mimi siwezi kuja.

Siku ile ulipompeleka hospitali, heshima ya ukwe ilinizuia kuketi gari moja na mama mkwe wangu, nikawafuata kwa baiskeli. Niliwakuta mmekwama kwenye mwinuko huo. Nilibonyeza tu ule mkono mdogo wa pampu, petroli ikapanda, injini ikawaka. Naye alikuwa amekwisha kukata roho. Nitakutazamaje, Mzee?

Mkweo,
Chrispinus Mangeni

Kisoko
17 Mei 1964

Mwanangu Chrispinus,

Salamu nyingi, na pole kwa mzigo ulionifunulia.

Nasikitika kukuarifu kwamba pampu haikufaa. Ina nguvu mno: petroli ilifurika kwenye kabureta, ikamwagikia injini yenye moto. Tulizima gari upesi. Fundi Okware akasema, “Mzee, aliyekutumia hii anataka kumwagilia shamba?” Nikacheka naye.

Pampu ya kwanza ilibaki ileile ndogo kwa sababu nilikuharakisha ulipoweka injini kubwa. Hii ni kubwa kwa sababu ya majonzi yako. Tafadhali, pima: injini hii, ikipanda na mzigo, hunywa kiasi gani?

Kuhusu baiskeli, ulimjua mama mkwe wako. Ungalipanda wewe, angalishuka yeye, na homa yake yote.

Baba yako,
Zakaria

Busia
9 Agosti 1964

Baba,

Natumaini magoti yamepata nafuu. Uniwie radhi, safari hii nilikawia kwa kupima. Nilipata injini ya aina ileile, nikaiendesha kwa nguvu zote, petroli ikitoka kwenye chupa, nikaona inywavyo. Pampu hii hutoa zaidi kidogo ya hapo, na msukumo wake hauishindi sindano ya kabureta, ile inayozuia petroli isifurike. Ijaribu ukiwa na mzigo.

Mtoto amezaliwa, msichana. Tumempa jina la bibi yake, Loy. Akello anataka kumpeleka kaburini. Ni mimi ninayemchelewesha.

Mwanao,
Chrispinus

Kisoko
23 Agosti 1964

Wanangu Chrispinus na Akello, na mgeni wetu Loy,

Nawasalimu kwa moyo uliojaa. Jina hilo nimelitamka peke yangu chumbani, mnisamehe, mara nyingi.

Okware amefunga pampu. Nilipakia magunia ya mahindi kwenye kiti cha nyuma, alipokuwa amelala mama yenu siku ile, nikaenda. Gari lilipanda mwinuko bila kukohoa. Jumamosi nitakuja kuwachukua mpakani. Chrispinus, utaketi mbele, karibu nami. Sasa hayupo garini mtu wa kumwonea haya.

Nilipofika mahali pale tulipokwama naye, gari halikuzima. Nililizima mwenyewe. Nikavua kofia, nikakaa naye kidogo. Kisha nikagusa stata, na likawaka mara moja.

Hapo ndipo nilipolia.

Baba yenu,
Zakaria