Paa Jeupe la Mama Yako

Karakana ya Mabati,
Nyuma ya Kituo cha Maji.
Jumapili, 9 Februari.

Mpendwa mpwa wangu Chiriku,

Kabla hujasoma mbele, kaa vizuri kwenye kiti, maana barua hii inatoka kwa mtu ambaye watafiti wa hali ya hewa siku hizi hawapigi hatua bila kumuuliza. Sijisifu. Nakueleza tu cheo changu kilipofika, ili siku ukinisikia redioni usije ukamchoma mgonjwa sindano mara mbili.

Hujambo lakini? Mafua yamekuachia? Na yule mwenzako wa chumbani anayekoroma, bado anakoroma? Sisi huku wazima kwa neema ya Mungu. Mgongo unanisumbua kidogo, ila ni maumivu ya mtu mwenye kazi nyingi, si ya uzee. Mama yako mzima. Narudia, kwa sababu ndilo uliloniulizia: mama yako mzima.

Barua yako dereva wa lori aliifikisha ikiwa imekaliwa, nikainyoosha kwa nyundo ndipo ikasomeka. Unasema umesikia kuna mtu alizimia kwa joto nyumbani kwa mama yako, akasukumwa kwa toroli hadi zahanati. Unasema ukimpigia mama simu anakujibu "sijambo mwanangu" halafu anakata. Na kwamba umeshatoa sanduku chini ya kitanda, unapanga nguo, uuache mtihani wa mwisho wa uuguzi urudi kumtunza.

Kuhusu hiyo "sijambo" yake huna kosa. Dada yangu hata nyumba ikiungua atakwambia hajambo, ila leo kuna mwanga kidogo. Ndiyo maana ukaniandikia mimi. Nami nakujibu kama mjomba: lirudishe sanduku chini ya kitanda. Aliyebebwa si mama yako. Ni mtu mzima mmoja, mwanamume shupavu, mwenye heshima zake hapa mtaani. Jina lake halihusiani na sayansi.

Joto lenyewe lakini ni kweli, sikufichi. Mwaka huu msumari nikiupiga unapinda kabla nyundo haijaufikia. Kivuli changu kimegoma kutoka nje mchana. Naondoka peke yangu, nakiacha kimekaa mlangoni. Cheka tu. Ila muuza mkaa, unamkumbuka, yule mwenye sauti ya tarumbeta, siku hizi anatangaza mkaa wake kwa kunong'ona. Pumzi hana. Na watoto wachanga wa upande wa bondeni wametokwa vipele mpaka kwenye kope za macho. Mvua nayo imesahau njia ya kuja kwetu.

Hapo ndipo walipokuja watafiti. Mkubwa wao ni mama mmoja daktari, mpole, anayesikiliza mpaka mwisho wa sentensi. Mtaa mzima unamwita Daktari wa Joto. Msaidizi wake ni mrefu kupita milango yote ya huku, basi akawa Twiga. Wanachunguza jinsi hali ya hewa inavyobadilika na inavyowaumiza watu kama sisi, tunaokaa chini ya bati bila dari, hasa wenye umri na wenye presha. Kila nyumba waliacha kidude cha kupimia joto, kadiri ya kiberiti. Nyumba zitakazoonekana kuwa na joto kali zaidi, na wakazi wake ni wazee, ndizo zitakazopakwa paa jeupe na kuwekewa dari kwanza, kisha waangalie kama afya za watu zinapata nafuu.

Nikajua hapo dada yangu keshapata. Lile bati nililipiga mimi mwenyewe wakati wewe unatambaa, likang'aa mpaka ndege wakadhani ni bwawa. Sasa limekuwa jeusi kwa kutu, linakunywa jua lote, halafu mchana linamtemea mama yako kichwani. Alikuwa anapata kizunguzungu akiinama kufagia. Presha nayo ilikuwa juu. Hilo kwenye simu hakukwambia, na mimi alinikataza. Sasa nimekwambia, na akinifukuza nitakuja kulala kwako.

Majibu ya vidude yalipotoka, Chiriku, tulishangaa wote. Nyumba ya mama yako ilikuwa ya mwisho kabisa. Baridi! Ati ina baridi kuliko ofisi ya watafiti yenye feni. Wakaja mbio kuona kuna siri gani. Twiga akagonga kuta, akachungulia chini ya kitanda, akanusa sakafu.

Daktari akauliza, "Mama, kile kifaa chetu umekiweka wapi?"

"Kipo, mwanangu. Kimetulia."

Akatupeleka nyuma ya mtungi wa maji. Kimeviringishwa kitambaa kibichi, kimelazwa juu ya kigoda kama kitoto kilichotoka kuoga.

"Mlisema ni cha gharama, nikitunze," mama yako akasema. "Nimekitunza. Na mchana jua likizidi nakipepea, maana nilikuwa nakiona kinatoka jasho."

Twiga akatoka nje kucheka. Mimi sikucheka, niliona wivu. Tangu tuzaliwe tumbo moja, dada yangu hajanipepea hata siku moja, halafu kidude cha wageni kinapepewa kwa kipande cha boksi kila mchana! Ila ndivyo alivyo mama yako. Mgeni akiingia kwake hupewa pahali pa ubaridi, na mwenyewe akakaa kwenye joto. Kidude kilikuja kama mgeni, kikapokelewa kama mgeni. Yeye akalala chini ya bati linalochemka, kidude kikalala kwenye kivuli, na kikasema ukweli wa pale kilipolazwa.

Tatizo ni kwamba nyumba za kwanza zilikuwa zimekaribia kuteuliwa. Nikamwambia Daktari, "Mama daktari, mimi ndiye niliyeezeka nyumba hii, naijua. Humu unaweza kukaanga yai juu ya mto wa kulalia."

Akanijibu kwa upole, "Nakuamini, fundi. Lakini nikichagua nyumba moja kwa maneno, na wengine watakuja na maneno yao. Lazima tupime upya."

Hapo ndipo niliposimama nikatoa hotuba. Haijawahi kutolewa nyingine kama ile mtaani kwetu. Unajua wengine wamepita shuleni mbiombio. Mimi darasa la nne nililisoma mara mbili kwa kulipenda. Niliyatoa yote. Watu waliacha maji yanamwagika bombani wakinisikiliza. Baada ya hotuba ile wakakubali kuchelewesha uteuzi, kidude kikafutwa maji, kikatundikwa mahali pake, juu ya kichwa cha kitanda. Mama yako akaonywa asikiguse, asikipepee, hata kikitokwa na machozi.

Majibu ya mara hii yakampeleka mbele ya foleni. Nyumba yake ndiyo ya kwanza kwa joto mtaa mzima. Nami nilifurahi, halafu nikainamisha uso, maana ni bati langu.

Paa nimelipaka mimi, Chiriku. Rangi wameleta wao. Nimepaka alfajiri tu, jua halijapanda, kwa amri ya Daktari. Sasa ukisimama kwenye kituo cha maji unaliona peke yake katikati ya kutu yote ile, jeupe kama jino moja kwenye kinywa cha mzee. Dari nayo imeshapigwa. Mama yako analala usingizi hadi asubuhi. Presha imeshuka, dawa anameza, na mchana anakaa kivulini na kikombe cha maji mkononi kama alivyoelekezwa. Kizunguzungu hajakisikia tena. Nguvu zimemrudia kiasi kwamba juzi alinigombeza kwa kumwaga rangi kwenye sufuria yake, akanigomba tangu mlangoni mpaka karakana bila kuvuta pumzi. Wewe muuguzi, hiyo si dalili ya afya?

Nilipomwambia unataka kuacha mtihani alitua kikombe chini. "Mwambie asithubutu," akasema. "Akija bila cheti, mlango huu haumjui." Kisha akageuka upande, akafuta macho, akadai ni vumbi la chokaa. Chokaa gani, nasi tumepaka rangi?

Shangazi yako anakusalimu, bado ananena peke yake akipanga vyombo. Muuza mkaa anakusalimu, yeye ni wa pili kupakwa paa. Mshona viatu anakusalimu pia, ingawa ndiye mwenye mdomo mrefu aliyekutumia habari nusu nusu. Mungu akupe mkono mwepesi na akili iliyotulia siku ya mtihani, na akurudishe kwetu ukiwa na cheti na miguu miwili.

Hapa nilishashika kalamu kuweka sahihi, nikakukumbuka ulivyo. Utaisoma barua hii, utasema, "Mjomba na hadithi zake," utaendelea kupanga nguo. Mpaka nimtaje aliyezimia hutaamini kwamba si mama yako. Basi, funga mlango usome.

Ile hotuba sikuitolea chini. Niliitolea juu ya paa. Nilimwambia Daktari kama haamini mdomo wangu apime mwili wangu, nikapanda saa saba mchana nikakaa juu ya bati, nikaanza kuhutubia. Kupanda mchongoma, kushuka ndiyo ngoma. Katikati ya sentensi nzuri sana nikaona mtaa umekuwa wa kijani. Twiga ndiye aliyenidaka, na hapo ndipo urefu wake ulipopata kazi. Nilipofumbua macho nilikuwa ndani ya toroli langu mwenyewe la kubebea mabati, Twiga anasukuma, Daktari ananilowesha maji ya ule mtungi. Mama yako anakimbia pembeni, na presha yake ile, akinipepea kwa kile kipande cha boksi.

Nami mbele ya mtaa mzima, fundi mkuu wa mabati, nikamshika nguo nikalia, "Mama, usiniache."

Nilimwita mama. Dada yangu. Wala hakucheka. Alisema, "Sikuachi, mdogo wangu. Kunywa maji."

Kaa ufanye mtihani wako. Anayepepewa huku ni mimi.

Ni mjomba wako, akupendaye kutoka juu ya paa mpaka ndani ya toroli,
Fundi Bati