Kwa Tuntufye, Aliyepima Baridi ya Bondeni

Mwaka umetimia, Baba Atusaye, tangu Julai ile ya 1975 nimonia ilipokutwaa, nasi tukarudi nyumbani Katandala bila wewe. Watu husema machozi hukauka. Waongo hao.

Ulikuwa mpole, Tuntufye, lakini mbishi jamani! Miaka kumi na moja ulisoma kipimajoto katika kituo cha hali ya hewa mjini kila asubuhi ya zamu yako, na kwa namba hizo za mjini wakubwa walikadiria joto la Ufipa nzima. Hesabu yao ilikuwa moja tu: ukipanda mlima baridi inazidi, ukishuka joto linaongezeka. Wewe ukasema alfajiri baridi hushuka ikalala bondeni. Nani alikusikia?

Ukajigongea kisanduku cha mbao, ukakipaka chokaa, ukatundika kipimajoto ndani. Kila Jumamosi ulikanyaga baiskeli mpaka Mpui ukweni, na Jumapili kabla ya jua uko bondeni, umejikunyata na daftari lako. Shemeji yako Beda alikutania: "Shemeji, sisi baridi tunaijua kwa magoti. Wewe mpaka uiandike?" Ulicheka, ukaomba uji mwingine.

Ulipeleka namba zako ofisini: mjini nyuzi tisa, bondeni mbili. Ofisa akachukua wino mwekundu, akaifuta mbili, akaandika kumi na moja. Alidhani umekosea kusoma. Siku hiyo hukula. Ulimwambia mkeo Epifania, "Mama Atusaye, wakipanda viazi vya kijiji kule bondeni Mpui, vitaungua kwa baridi." Hata kitandani hospitalini uliuliza kama shamba limehamishiwa mlimani. Tukakuambia limehamishwa. Tulikudanganya, utusamehe.

Halikuhamishwa. Mwezi uliopita umande uliganda mweupe bonde zima, na kufika saa nne viazi vyote vilikuwa vyeusi, ekari arobaini za jasho la kijiji. Ndipo mwenyekiti wa kijiji, Sebastiani, akaja kuomba daftari lako. Epifania alilifunga kwenye kanga, wakalipeleka ofisini pamoja, ili angalau kuanzia sasa bonde likadiriwe kwa namba za bondeni.

Jibu lilifika Jumanne. Vipimo haviwezi kupokelewa mpaka aliyevipima aje mwenyewe kuvithibitisha. Epifania aliisoma barua akiwa amesimama mlangoni, akaisoma tena. "Sasa nimwite vipi?" akatuuliza. Tumeshindwa, baba. Hatujui mlango mwingine wa kubisha, na bonde lile lile limeanza kulimwa tena.

Unakumbukwa na mkeo Epifania, wanao Atusaye na Asajile, dada yako Atuganile aliyeko Mbeya, shemeji yako Beda, na wote wa Mpui waliokupisha jikoni uote moto.

Tutakukumbuka siku zote. Na kama ipo njia ya kuja kuthibitisha, baba, njoo.